Mama Maandazi wa Bombambili alipouza karai lake

SAA tisa na nusu usiku, baridi ikishuka kutoka milima ya Matogoro na Songea yote ikiwa imelala, kulikuwa na jiko moja Bombambili lililowaka kila siku isipokuwa Jumapili. Mwenye jiko hilo, mama wa watoto watatu mwenye umri wa miaka 41, alikuwa akikanda unga wa ngano kilo nane tangu mwaka 2009. Alikanda, akasubiri uumuke, akasukuma, akakata, akakaanga. Saa kumi na mbili na nusu ndoo mbili zilikuwa tayari. Moja ilikwenda kwenye maduka mawili ya mtaani. Nyingine aliibeba mwenyewe hadi karibu na lango la shule ya msingi, akakaa kusubiri mapumziko ya saa nne.

Watoto wa shule hawakujua jina lake. Walimwita Mama Maandazi na mtaa ukafuata. Mwishoni mwa 2018, vilipoanza kutolewa vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya Sh20,000, mtu aliyekuwa akipanga foleni alipaza sauti, "Mama Maandazi, zamu yako!" Naye akaitika bila kuona ajabu. Maandazi ndiyo yaliyoezeka nyumba yao kwa bati. Ndiyo yaliyolipa michango ya shule miezi ile ambayo mume wake, fundi seremala, alikaa wiki tatu bila mtu kuagiza hata kigoda.

Kuna jambo ambalo wauza vitafunwa hawalisemi sana. Kizuri kinauzwa, kibovu kinaliwa nyumbani. Andazi lililoungua upande, lililopasuka au lililokataa kuumuka halitupwi. Yeye aliyala yote hayo akiwa amesimama, mikono ina unga, pamoja na chai ya vijiko vitatu vya sukari, na hakuwahi kuhesabu ni mangapi. Yaliyorudi jioni yaliwekwa mezani kwa watoto. Kitinda mimba wake alikuwa na miaka minane na tayari magego mawili yalikuwa yameoza.

Kisha ikaja Januari 2024. Mvua kubwa za El Niño zilivuruga uzalishaji viwandani na sukari ikaadimika nchi nzima. Bei elekezi ilitangazwa, lakini bei elekezi haikandi unga. Dukani kwake kilo ilifika Sh4,500, wakati wiki chache nyuma alikuwa akiinunua kwa Sh2,800. Usiku mmoja alipiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto. Kilo nane za unga zilimpa maandazi 320, kila moja Sh100, yaani Sh32,000. Unga, mafuta, mkaa, hamira na iliki vilikula Sh20,800. Sukari kilo moja na nusu, ambayo zamani ilikuwa Sh4,200, sasa ilikuwa Sh6,750. Faida ya Sh7,000 kwa siku ilibaki Sh4,450. Wenzake walipunguza ukubwa wa andazi. Yeye aliona aibu kuwapa watoto andazi la kuingia mdomoni mara moja, akaendelea na ukubwa ule ule na kujipa moyo kwamba hali itatulia.

Mwezi uliofuata ndipo mwili ulipoanza kudai. Alikuwa akiamka mara nne usiku kwenda chooni. Kiu haikuisha. Vidole vya miguu vilikuwa kama vimefunikwa na soksi hata akiwa peku. Alilaumu moto wa jiko, akalaumu umri, akalaumu kusimama. Februari 27, siku ambayo Songea hukumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906, alipeleka maandazi kwenye umati wa Mahenge na kuyauza yote. Njiani kurudi alishindwa kusoma namba za fedha kwenye simu. Macho yalikuwa yanaona ukungu. Kesho yake akaenda kupima.

Kipimo cha asubuhi, kabla hajala chochote, kilisoma 11.2. Walipokirudia siku nyingine kilikuwa 10.9. Mtu akibaki kwenye 7 au zaidi baada ya vipimo viwili vya namna hiyo, anahesabiwa kuwa na kisukari. Si ugonjwa wa wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu tisa hivi kati ya kila mia wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wanao. Namba hiyo haikumfariji hata kidogo.

"Mama, asubuhi unakunywa chai na nini?" muuguzi alimuuliza.

Alicheka. "Dada yangu, mimi ndiye Mama Maandazi."

Muuguzi naye akacheka, halafu akanyamaza kidogo. Mtoto wake alikuwa anasoma shule ile ile, na kila siku alikwenda na Sh200.

Walihesabu pamoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban vijiko 12 vya chai vya sukari ya kuongezwa kwa siku, na kwamba ikipungua hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Mama huyu alimaliza 12 kwenye vikombe vinne vya chai, kabla hata andazi moja halijaguswa. Akaandikiwa vidonge. Akaambiwa apunguze ngano, sukari na vya kukaanga, na kama njaa ikimshika kati ya mlo na mlo ale yai la kuchemsha, karanga kiasi cha kiganja kimoja, nusu parachichi, tango, au njugu mawe.

Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Jaribu wewe kukaanga maandazi 320 na usilambe hata kidole. Njaa yake haikuwa ya tumbo tu. Mikono ilikuwa imezoea kupeleka kitu mdomoni kila dakika chache kwa miaka 15, na sasa haikujua iende wapi. Akawa mkali kwa watoto. Siku ya tano alikula manne akiwa amejificha nyuma ya nyumba, mtu mzima mwenye kaya yake, kama mwizi.

Pasaka, Machi 31, alikwenda kumsalimia mama yake kijijini, ng'ambo kidogo ya Peramiho. Bibi huyo hakuulizwa wala hakuelezwa mengi. Aliposikia neno sukari aliinuka, akatoa njugu mawe zilizobaki kwenye chungu cha mbegu, akaziloweka usiku ule na kesho yake akazichemsha kwa chumvi. Binti alikula bakuli moja saa tatu asubuhi. Saa saba mchana akagundua kwamba hajawaza chakula.

"Mbona mlizikimbia hizi?" bibi akamuuliza. "Ndizo nilikuwa nakufungia kwenye kitambaa ukienda shule."

"Mama, nilikuwa nazila nikiwa nimejificha."

"Ukimficha nani?"

Aliwaficha wenzake waliokuja na mkate. Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo hakuwa amelitazama kwa miaka mingi. Alipokuja mjini kwa shangazi yake Mfaranyaki akiwa na miaka 19, kitu cha kwanza alichotaka kujifunza kilikuwa kupika maandazi. Andazi lilikuwa mji. Njugu mawe zilikuwa shamba, jembe, na kitambaa kilichofungwa fundo. Sasa alikuwa na miaka 41 na mji ulikuwa umemletea soksi zisizoonekana miguuni.

Alirudi Songea na kilo tatu za njugu mawe na wazo ambalo hakumwambia mtu njia nzima. Kama kitu hiki kimemshibisha yeye saa nne, kingemfanyia nini mtoto wa darasa la tatu?

Swali hilo halikuwa la hivi hivi. Kulikuwa na mvulana aliyenunua maandazi mawili kila saa nne, bila kukosa. Siku moja alimuuliza asubuhi amekunywa nini. "Sijanywa," akajibu, akaondoka akitafuna. Kwa mtoto yule, maandazi mawili ndiyo yaliyosimama kati ya ugali wa jana usiku na ugali wa leo jioni. Ni rahisi kusema watoto wasile vya kukaanga. Ukiliondoa andazi la Sh100 mkononi mwake na usimpe kitu cha Sh100 kinachoshibisha, umemnyima tu. Mama huyu aliliona hilo mapema kuliko wengi wanaohutubia juu ya lishe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipokea ile mia.

Na tukumbuke hapa ni Ruvuma, mkoa unaoitwa ghala la chakula, ambao mahindi yake hupakiwa kwenye malori kwenda kulisha mikoa mingine. Bado utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu wenye umri chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa. Magunia yapo. Shida ni sahani yenye wanga juu ya wanga, wakati maharage ya soya, njugu, karanga, ufuta na mbegu za maboga vinapita hapo hapo kwenda sokoni.

Jioni moja alimwambia mume wake. Alikuwa amelipanga neno hilo siku tatu.

"Baba watoto, nataka kuacha maandazi."

Mume aliweka kikombe chini. "Uuze nini?"

"Njugu mawe. Na soya. Na karanga."

"Mama, umejenga jina miaka 15. Unataka kulibomoa kwa njugu mawe? Hapa mjini? Watakucheka."

Tusimfanye mume huyo kuwa mbaya. Binti yao mkubwa alikuwa amemaliza kidato cha nne na alitarajiwa kwenda kidato cha tano, shule ya bweni, kuanzia Julai. Ada ya kidato cha tano na sita ilikwishafutwa tangu 2022, lakini serikali haikununulii godoro, sanduku, shuka wala nauli. Useremala ulikuwa umelala. Na kwenye kikoba chao cha akina mama kulikuwa na deni la Sh180,000, linalolipwa kila wiki. Alipokwenda kuomba apunguziwe rejesho kwa miezi miwili, mwenyekiti wa kikoba, mwanamke mwenye roho nzuri tu, alimjibu, "Dada yangu, mkopo haujui andazi wala njugu."

Akajaribu hata hivyo. Jumatatu ya kwanza ya Mei hakuwasha karai. Aliloweka njugu mawe kilo tano, akazichemsha usiku, akazipeleka langoni kwenye ndoo ile ile ya maandazi. Saa nne kengele ikalia. Watoto walikuja mbio, wakafungua macho, wakaona, wakapinda kushoto kwa muuzaji mwenzake aliyekuwa hatua kumi na tano kutoka hapo. Yule mwenzake aliishiwa maandazi kabla ya kengele ya kurudi darasani. Mama huyu aliuza vikombe 11. Mvulana wa maandazi mawili alisimama mbele yake, akatazama ndani ya ndoo, akauliza kama kesho yatakuwepo.

Usiku familia ilikula njugu mawe. Mume alikula bakuli mbili bila kusema neno. Alipomaliza alifuta mdomo akasema, "Zinashibisha lakini." Keshoye saa tisa na nusu jiko liliwaka na karai likarudi.

Kwa watu wengi habari ingekuwa imeishia hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alichofanya ni kidogo sana hata majirani hawakukiona. Alipunguza unga kutoka kilo nane hadi sita. Pembeni mwa ndoo ya maandazi akaweka kindoo kidogo cha njugu mawe na kikombe cha kahawa cha kupimia, vile vikombe vidogo visivyo na mkono. Kikombe kimoja Sh100. Anayenunua andazi moja badala ya mawili na kuongeza kikombe cha njugu alipewa nyongeza ya kijiko. Yule mvulana alikuwa wa kwanza kuingia mtegoni. Siku ya tatu alisema andazi na njugu vikiliwa pamoja "vinakaa", akijishika tumbo.

Hesabu nayo ilianza kusogea. Kilo moja ya njugu mawe kavu ikichemshwa inazidi mara mbili kwa uzito na kutoa vikombe kama 45, yaani Sh4,500. Sokoni mjini aliinunua kwa Sh3,000, na mkaa ulikuwa Sh500, hivyo kilo ilimwachia Sh1,000 tu. Lakini mavuno yalikuwa yanaingia, na kijijini kwa mama yake kilo ilishuka hadi Sh2,200. Bibi alizungumza na majirani, akapata gunia zima kwa makubaliano ya kulipa nusu sasa na nusu baadaye. Faida ikawa Sh1,800 kwa kilo. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba kilo nne za njugu mawe zingeweza kufikia faida ya zamani ya kilo nane za ngano, kama tu angepata wa kuzila.

Walaji aliwapata mahali ambako hakutazamia. Vijana wa bodaboda waligundua kwamba wakila njugu hawasinzii jua la saa nane kama wanapokula chapati tatu na soda. Wakataka kipimo cha Sh500. Siku ya kliniki alijibebea kikombe chake cha kula kwenye foleni, na wagonjwa wenzake wa sukari wakamuuliza ametoa wapi. Mwezi uliofuata alikwenda na ndoo.

Soya ilimtia adabu. Aliikaanga ikiwa mbichi kama mtu anavyokaanga karanga. Ilitoka ngumu, ina harufu ya majani, na waliokula walilalamika matumbo. Kijana mmoja wa bodaboda alimrudishia kifurushi. "Mama yangu, hizi ni kokoto." Alipoteza kilo mbili. Mama mmoja anayesaga unga wa lishe ndiye aliyemwonyesha njia. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha nusu saa au zaidi, fikicha maganda yatoke, anika juani hadi zikauke, ndipo ukaange kwa moto mdogo na chumvi kidogo. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini yake, na kuichemsha vizuri ndiko kunakoviondoa. Zaidi ya theluthi moja ya soya kavu ni protini, lakini yote hiyo ni kazi bure kama mlaji anakimbilia chooni. Alipozipata vizuri zilikuwa zinalia kama bisi mdomoni, na hizo ndizo watoto walizozigombania wenyewe bila nyongeza wala mtego.

Karanga nazo zilikuwa na mtihani wake. Katika gunia moja alikuta nyingi zilizosinyaa, nyingine zina ukungu wa kijani. Zamani angezichagua, nzuri za kuuza, mbaya za kutwanga na kutia kwenye mboga ya nyumbani. Lakini karanga na mahindi yenye ukungu vinaweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini na haiondoki kwa kukaanga wala kupika. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu ya nafaka zenye sumu hiyo. Basi safari hii kibovu hakikuliwa nyumbani. Alichimba shimo nyuma ya banda akafukia karibu kilo mbili. Mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kutembea, alitazama shimo lile likifunikwa na kutikisa kichwa kwa uchungu wa mtu aliyewahi kuona njaa.

"Unazika chakula, mkwe wangu?"

"Mama, hiki si chakula tena."

Bibi huyo hakuridhika. Mpaka leo hulitaja shimo lile akiwa na wageni.

Yapo na mengine aliyoyajaribu. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, vilipendwa lakini vilipoa haraka na baridi ya Songea ikavifanya vigumu. Mbegu za maboga ziliuzika kwa wakubwa. Msimu wa masuku aliuza masuku kama kila mtu. Togwa ndiyo iliyomshangaza. Aliitengeneza kwa uji wa mahindi na kimea cha ulezi, hakutia sukari hata chembe, akajua amepata kinywaji chake. Alipopima baada ya kunywa kikombe kikubwa, namba ilikuwa imepanda vibaya. Kimea huvunja wanga wa uji na kuugeuza sukari, ndiyo maana togwa ina utamu ambao hakuna aliyeutia. Kwa watoto wanaokimbia kutwa akaendelea kuiuza Jumamosi. Yeye mwenyewe alibaki na maji.

Bwana afya alipopita alikuta njugu zinafungwa kwenye vipande vya gazeti. Alisema wino wa gazeti hautakiwi kugusa chakula, gazeti lisomwe. Ni ushauri ambao ukurasa huu hauwezi kuupinga. Akahamia karatasi nyeupe.

Katikati ya Juni alikuwa amefika kilo nne za unga, na Julai ilikuwa inabisha hodi. Godoro, sanduku na nauli ya binti vilihitaji fedha ambayo haikuwepo. Kikoba kisingekopesha juu ya deni. Alikaa mbele ya jiko akalitazama karai kubwa, lile la kilo nane, chuma kizito kilichokuwa kimeng'aa kwa miaka mingi ya mafuta. Asubuhi alilibeba kichwani hadi langoni, akamsubiri yule muuzaji mwenzake, akamuuliza kama analihitaji. Walielewana Sh45,000.

Aliporudi nyumbani bila karai mume wake alikuwa akipiga randa ubao. Alisimama. Alitazama kichwa cha mkewe, ambako palikuwa na kata tupu.

"Umeuza?"

"Nimeuza."

Akarudi kwenye ubao wake. Jioni yake alikwenda naye sokoni kuchagua godoro, na wiki ile ile, bila kuombwa, akamtengenezea meza ndogo yenye kingo na kifuniko cha wavu wa kuzuia nzi. Nyumbani palibaki karai dogo la kilo mbili tu. Hata angetaka kurudi nyuma asubuhi moja ya hofu, asingeweza kurudi yote.

Zikaja asubuhi hizo. Julai na Agosti kulikuwa na siku za Sh3,000, na wiki mbili rejesho la kikoba lilitoka kwenye mfuko wa mume. Aliota mara kadhaa kwamba amesahau kukanda unga. Lakini Septemba 2024 Songea ilikuwa mwenyeji wa Tamasha la Utamaduni la Kitaifa, na Uwanja wa Majimaji ukajaa wageni kutoka kila pembe ya nchi. Alikwenda na meza yake, ndoo mbili za njugu mawe, soya ya kukaanga na karanga zilizochaguliwa moja moja. Wageni waliuliza hizi mviringo ni nini, wengine wakasema bibi zao walikuwa nazo na hawajaziona tangu utoto. Siku ya kwanza alimaliza kabla ya saa kumi jioni, akamtuma mtoto akaloweke nyingine. Deni la kikoba lilikwisha mwezi uliofuata.

Hajatajirika. Kuna siku anabaki na Sh9,000, kuna siku Sh4,000, na mvua zikikolea njugu mawe hupanda bei na faida hunyauka. Amekwenda SIDO kuulizia vifungashio na njia ya kupata alama ya ubora ya TBS, akakuta kwamba kabla ya alama kuna chumba cha kuandalia chakula kinachotakiwa, tofauti na jiko la familia. Chumba hicho kwa sasa ni tofali 200 zilizopangwa kando ya uzio. Vidonge anaendelea navyo. Kipimo chake cha mwisho cha asubuhi kilisoma 7.1, na muuguzi aliandika namba hiyo kwenye kadi kwa wino mwekundu, akaichorea duara. Vidole vya miguu bado vina ganzi.

Jumamosi moja moja, mtu akiwa na ubatizo au kipaimara, anaagizwa maandazi naye anawasha karai dogo. Anakaanga kilo mbili, anayafunga, hayaonji. Yaliyopasuka anayatia kwenye oda pamoja na mazuri.

Langoni, saa nne, kengele inapolia, watoto wanagawanyika sasa. Wengine wanapinda kushoto kwa yule mwenye karai kubwa. Wengine wanakuja kwenye meza yenye wavu. Mvulana yule yuko darasa la nne, amerefuka kidogo, na bado hanywi kitu asubuhi. Anaweka Sh200 mezani.

"Mama Maandazi, njugu za mia na soya za mia."

Anampimia, anaongeza kijiko.

"Haya, kimbia. Kengele hiyo."